Chumvi ya Zélie na chumvi ya Jude: uanze na riwaya ipi?

Mtoto wa dada yangu yuko kidato cha tatu, shule ya bweni. Desemba alikuja kukaa kwangu, na siku ya pili tu akasimama mbele ya kabati la vitabu, mikono kiunoni kama mkaguzi.

"Mama mdogo, nataka kitabu chenye uchawi na mapenzi. Ila mapenzi yasiwe ya kunifanya nikifiche chini ya godoro."

Nikamtolea viwili: Children of Blood and Bone cha Tomi Adeyemi, kisa cha Zélie, na The Cruel Prince cha Holly Black, kisa cha Jude. Vyote vilitoka 2018. Vyote vina msichana wa miaka 17 anayesimulia mambo yake mwenyewe, mama aliyeuawa mtoto akiwa mdogo, na mwana wa mfalme ambaye kwa kila sababu msichana alipaswa kumchukia hadi kaburini. Ukisoma maelezo ya nyuma ya jalada tu, utadhani ni kitabu kimoja kilichovalishwa kanga mbili.

"Nichukue kipi?"

"Vyote."

"Likizo ni wiki nne, mama mdogo, na nimepewa hesabu za kumaliza."

Ikabidi tukae chini tuvipambanishe. Alichukua muda kuamua, na mimi nikagundua kwamba sijawahi kujiuliza sawasawa kwa nini navipenda viwili hivi kwa namna mbili tofauti.

Kipimo changu

Riwaya za vijana zenye uchawi na mapenzi ni nyingi kama dagaa. Nyingi ukizikamua unabaki na tamthilia ya kawaida: binti, vijana wawili wanaomgombea, kutoelewana ambako kungeisha kwa mazungumzo ya dakika tano. Uchawi umewekwa kama pambo la keki. Kwa hiyo mimi nina swali moja. Je, kinachowatenganisha hao wapendanao kimetokana na uchawi wenyewe? Nikiuondoa uchawi, penzi litabaki vilevile? Likibaki vilevile, kitabu nakirudisha kwenye rafu.

Hivi viwili vinafaulu. Lakini kimoja kinafaulu kwa moto na kingine kwa sumu, na hapo ndipo uchaguzi ulipo.

Na kabla hatujaendelea, neno lenyewe. Kwetu ukisema "kitabu cha uchawi" bibi anakutazama mara mbili. Uchawi kwa Kiswahili ni kitu kibaya. Kizuri kikiitwa ni uganga, cha kuchekesha ni mazingaombwe. Waandishi wa riwaya hizi wanatumia neno moja kwa yote hayo, na wazazi wengi wanaogopa neno kuliko kitabu. Nami huwakumbusha kwamba walipokuwa shule walisoma Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ya 1952, ambamo mtu mwema anawachapa nyani wawili kila usiku, na nyani hao ni ndugu zake wa damu. Humo mna jini, mna mji mzima wa watu waliogeuka mawe, mna na mapenzi pia. Hakuna aliyetoka darasani akiwa mchawi.

Zélie: uchawi ulionyang'anywa

Nchi inaitwa Orïsha. Adeyemi, Mmarekani aliyezaliwa na wazazi Wanigeria, ameijenga juu ya dini na lugha ya Wayoruba. Kuna Lagos humo, kuna Ilorin, lakini Ilorin yake ni kijiji kinachoelea juu ya maji, na watu wanasafiri juu ya migongo ya simba wenye pembe. Miaka 11 kabla ya hadithi kuanza, mfalme Saran alitafuta njia ya kuuzima uchawi, kisha akawaua wote waliokuwa nao. Mama yake Zélie alikuwa mmoja wao. Watoto waliachwa kwa sababu nguvu hizo huja mtu akifika miaka 13, na kufikia hapo hapakuwa tena na uchawi wa kuwafikia. Wanatambulika kwa nywele zao nyeupe. Wanalipishwa kodi ambayo kila mwaka inapanda, na asiyeweza kulipa anachukuliwa kazi za utumwa.

Sasa, cheka kidogo na mimi. Watu hao wenye nguvu wanaitwa maji. Mara ya kwanza nilisoma kurasa tatu nzima nikiona vikombe. Halafu nikaacha kucheka, maana sisi tunayo maji yetu: kati ya 1905 na 1907 watu wa kusini mwa Tanganyika walipigana na Mjerumani wakiamini maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe yatageuza risasi. Sidai kwamba Adeyemi alikuwa na hilo kichwani. Nasema tu kwamba Mswahili akisoma juu ya watu wa maji wanaoinuka dhidi ya panga za serikali, kuna mlango ndani yake unaofunguka ambao kwa msomaji wa Ohio haupo.

Ufunguzi wa kitabu ndio ulionikamata. Wasichana wako kwenye kibanda cha Mama Agba, bibi anayewafundisha kupigana kwa fimbo, jambo lililokatazwa. Mara walinzi wanakuja. Kufumba na kufumbua fimbo zimetoweka, vitambaa vimetoka, sindano zinachoma: hili ni darasa la ushonaji, afande. Kila aliyekua mahali ambapo watu wazima wanabadili mazungumzo askari akipita anaijua ile dakika.

Kisha Zélie anaenda Lagos kuuza samaki ili apate pesa ya kodi, na huko anagongana na Amari, binti wa mfalme aliyetoroka ikulu akiwa ameiba gombo lenye uwezo wa kuamsha uchawi. Amari ameliiba kwa sababu baba yake, kwa kulijaribu gombo hilo, alimuua mtumishi aliyekuwa rafiki yake wa pekee. Nyuma yao anakuja Inan, kaka yake Amari, nahodha wa walinzi, aliyetumwa kuwakamata. Hadithi inasimuliwa na watatu hao kwa zamu.

Na hapa ndipo kipimo changu kinapofanya kazi. Inan, mtoto wa mfalme aliyeua maji wote, anagundua kwamba uchawi umemwamkia yeye. Ana uzi wa nywele nyeupe anaouficha chini ya kofia ya chuma. Ana kete ya mchezo ambayo baba yake alimpa, na kila uchawi unapotaka kumtoka anaifinya mkononi hadi inamwachia alama. Nguvu yake ni ya akili: anasikia mioyo ya watu. Anamfuatilia Zélie kwa harufu ya nafsi yake, na harufu hiyo ni chumvi ya bahari. Wanakutana ndotoni, mahali ambapo hakuna mfalme wala panga. Kwa hiyo anachokiwinda ndicho alichonacho, na anayemwinda ndiye pekee anayeweza kumfundisha kuishi nacho. Ondoa uchawi hapo uone kama kuna penzi litakalobaki.

Udhaifu? Upo. Mambo yanakwenda mbio. Leo kijiji kinateketea, baada ya siku chache mtu aliyekuwa upande wa waliowasha moto anatazamwa kwa macho mengine. Mpwa wangu alipofika hapo, baadaye, alinitumia ujumbe wa neno moja: "HAPANA." Nilimwelewa. Zélie ana haki ya kuchanganyikiwa, ila mwandishi angempa msomaji muda wa kupumua. Kinachomwokoa Adeyemi ni kwamba hasahau. Moto ule haufutwi na busu. Mwisho wa kitabu deni linadaiwa, na linalipwa kwa uchungu.

Katika maneno yake ya mwisho mwandishi anaeleza kwamba aliandika akiwa na machungu ya watoto na vijana weusi wanaouawa na polisi huko Marekani. Ukishajua hivyo, unarudi kwenye zile nywele nyeupe na ile kodi ukiwa na jicho jingine.

Jude: uchawi usiokuwa wako

The Cruel Prince kinaanza sebuleni. Nyumba ya kawaida Marekani, watoto watatu, televisheni. Mtu mrefu anabisha hodi, na kabla ya kurasa chache kuisha amewaua baba na mama kwa upanga mbele ya watoto, kisha amewachukua wote watatu, mmoja akiwa binti yake mwenyewe, akaenda nao nchini kwake Elfhame. Jina lake Madoc. Anawalea. Na anawalea vizuri, hapo ndipo inapouma: anamfundisha Jude upanga, anamketisha mezani, anampenda kwa namna yake. Jude naye anampenda, na hamsamehe, na hayo mawili yanaishi katika kifua kimoja kitabu kizima.

Watu wa Elfhame ndio wale fairies ambao Waingereza wanawasimulia tangu zamani. Usiwafikirie wale vidosho wa katuni wenye mabawa. Ni jamaa wa majini kuliko malaika. Wazuri wa kutisha, hawazeeki, wanapenda karamu, na binadamu kwao ni kitu cha kuchezea. Wanaweza kumfanya mtu acheze ngoma hadi miguu itoke damu huku anacheka. Kwa hiyo Jude na pacha wake Taryn wanaenda shule wakiwa na kinga zao: shanga za matunda fulani shingoni, soksi zilizogeuzwa ndani nje, na chumvi mfukoni ya kunyunyizia chakula. Chumvi inavunja kiini macho. Bibi yeyote wa kwetu anayeweka chumvi ya mawe nyuma ya mlango angekubaliana na mtoto huyo bila maswali.

Ndiyo maana nikaziita chumvi mbili. Ya Zélie ni harufu ya kwao, kitu kinachomsaliti kwa adui popote alipo. Ya Jude ni silaha ya maskini, punje kidogo zinazomwezesha kuuona ukweli wa sahani iliyo mbele yake.

Kuna sura ambayo genge la Cardan, mtoto wa mwisho wa mfalme mkuu, linamlisha Jude tunda la kwao kwa nguvu. Akilila binadamu hupoteza aibu na akili. Nilisoma sura ile nimesimama jikoni na wali ukaungua. Si kwa sababu ya uchawi. Ni kwa sababu kila aliyewahi kuwa mtoto mgeni shuleni, mwenye lafudhi tofauti au viatu vya kushonwa, anajua kicheko kile.

Sasa kanuni moja ya Elfhame inabeba kila kitu: watu wake hawawezi kusema uongo. Wanaweza kukuzungusha, kunyamaza, kukupa nusu ya ukweli ikakuua, lakini neno la uongo halitoki kinywani. Binadamu anaweza. Uchawi pekee alionao Jude ni uongo. Anakuwa mpelelezi, anajizoesha sumu kidogo kidogo kila siku ili isimdhuru, anajifunza kusikiliza milangoni, na anagundua kwamba katika jumba lililojaa viumbe wasioweza kudanganya, mwongo ni mfalme.

Tia penzi juu ya kanuni hiyo. Cardan anapokiri kitu, si yeye wala wewe mwenye pa kukimbilia: ni kweli. Jude anapokiri kitu, hakuna anayejua, pengine hata yeye mwenyewe. Mmoja hawezi kuficha, mwingine hawezi kuaminika. Nimesoma mapenzi mengi ya maadui katika riwaya, na sijaona fundo lililofungwa vizuri kama hili. Wala mwandishi hana haraka. Ukifungua ukitafuta busu utachoka. Linakuja mwishoni mwishoni, na halifanani na la kadi ya Siku ya Wapendanao.

Lililo baya nitalisema pia. Cardan ni mwonevu. Mwandishi anatupa sababu za uonevu wake, na sababu ni za kweli, ila msichana wa miaka 14 anaweza kufunga kitabu akidhani kijana anayemtukana mbele ya wenzake ni kwa sababu anampenda. Mimi sikukataza kitabu. Nilimwambia mpwa wangu: ukifika kwenye tunda, njoo tuongee. Alikuja. Alisema, "Huyo akiwa darasani kwetu namripoti kwa matroni." Nikaridhika.

Vikikaa pamoja

Ukitaka kulia, chukua Zélie. Ukitaka kukunja uso na kujiuliza nani anamchezea nani, chukua Jude.

Kwa Kiingereza, vyote vinasomeka kwa mwanafunzi wa sekondari aliyezoea kusoma. Sentensi za Adeyemi ni fupi na za moja kwa moja. Kigumu ni majina na maneno ya Kiyoruba kwenye dua za uchawi, na hayo ukiyasoma kwa sauti yanateleza, maana silabi zake zinafunguka kama zetu. Aliye na njia ya kusikiliza asisite: kitabu cha sauti kinasomwa na Bahni Turpin, na anakisoma kama bibi wa hadithi aliyekunywa chai ya tangawizi. Black ana maneno mengi ya viumbe vya hadithi za Ulaya ambayo kamusi ya shule haina. Msomaji asihangaike nayo. Yapite tu, maana yatajitokeza.

Kwa unene, Zélie ni zaidi ya kurasa 500, Jude hajafika 400. Lakini kurasa za Zélie zinakimbia, sura ni fupi, vita kila kona. Za Jude unazirudia.

Jambo ambalo watu hulisahau ni mwendelezo. Vyote ni vya kwanza kati ya vitatu. Safari ya Jude ilikamilika upesi: The Wicked King kilitoka Januari 2019, The Queen of Nothing Novemba mwaka huohuo, na cha pili, kwa maoni yangu, ndicho bora kuliko vyote vitatu. Safari ya Zélie iliwachosha watu kwa kusubiri: Children of Virtue and Vengeance Desemba 2019, kisha kimya hadi Children of Anguish and Anarchy Juni 2024. Leo vyote vipo, hutasubiri. Ila nikuambie mapema kwamba cha pili kinapwaya, watu wanarudia kosa lilelile na kulijutia kwa maneno yaleyale, na cha tatu kinawatoa nje ya Orïsha kuwapeleka kwa maadui wapya wakati wale wa zamani hatujamalizana nao. Mimi humwambia mtu: soma cha kwanza cha Zélie kana kwamba ni kimoja tu. Kinajitosheleza karibu chote, isipokuwa ukurasa wa mwisho.

Na angalia jalada vizuri kabla hujalipa. Niliwahi kununua The Wicked King kwa muuza vitabu vya mitumba nikidhani ndicho cha kwanza, kwa kuwa namba ilikuwa imeandikwa kwa herufi za mchwa. Nilifika nyumbani nikakuta watu wanauana kwa sababu nisizozijua.

Tofauti nyingine niliigundua kwa kuazimisha. Jude ni kitabu cha kusoma peke yako. Siri zake ni nyingi, ukizungumza na asiyesoma unamharibia. Zélie ni cha kundi. Kila niliyempa alirudi na ugomvi: je, maji warudishiwe nguvu zote, wakati mmoja wao akikasirika anaweza kuua kijiji? Inan anaogopa hilo, na hofu yake si ya kijinga. Amari analelewa na mama asiyeridhika na weusi wa ngozi ya bintiye. Wape wasichana sita sura hiyo uone mazungumzo ya mkorogo yatakavyodumu hadi taa zizimwe.

Wa tatu mlangoni

Mpwa wangu aliona kitabu cha tatu kando yangu, chenye kingo nyeusi, akauliza mbona hicho sikisemi. Ni Six of Crows cha Leigh Bardugo, cha 2015, na sikukisema kwa sababu kingefunika vingine vyote.

Vijana sita wahalifu, mji wa bandari uitwao Ketterdam unaofanana sana na Amsterdam ya zamani, na kazi moja: kuingia kwenye ngome isiyoingilika na kumtoa mfungwa. Malipo ni kruge milioni 30. Ni kisa cha wizi kwanza, cha uchawi pili, na mapenzi yamefichwa kwenye mishono. Kiongozi wao, Kaz, havui glavu. Hawezi kuguswa ngozi kwa ngozi, na sababu yake utaifikia kitabuni. Anayempenda, Inej, ana majeraha yake mwenyewe kutoka kwenye danguro alikouzwa. Kwa hiyo penzi zima la watu hawa wawili linaning'inia kwenye swali la kama mkono mtupu utagusa mkono mtupu. Kwa kipimo changu kile cha uchawi, hawa wanafeli, maana kinachowatenganisha ni maisha wala si uchawi. Na bado ndio ninaowakumbuka zaidi. Vipimo ni vya kusaidia tu.

Waliokaribia kipimo ni wenzao, Nina na Matthias: Nina anaweza kuusimamisha moyo wa mtu kwa kupinda vidole, naye Matthias amefunzwa tangu utoto kuwawinda watu kama Nina.

Onyo: ni kigumu zaidi. Wasimulizi wanabadilika, hadithi inarudi nyuma na kwenda mbele, na mambo ya danguro, ingawa hayaonyeshwi waziwazi, ni mazito. Ningempa wa miaka 15 na kuendelea. Vitabu ni viwili tu, hiki na Crooked Kingdom cha 2016, hadithi inaisha. Kama uliona ule mfululizo wa Netflix wa Shadow and Bone, sahau mpangilio wake. Vitabuni Kaz na wenzake wana hadithi yao kando.

Kwa wenye masharti

Kuna anayesema, sitaki mapenzi kabisa, au mtoto ana miaka 11. Mpe Akata Witch cha Nnedi Okorafor, 2011. Sunny, mwenye ualbino, anaishi Aba, Nigeria, na anagundua yumo katika jamii ya siri ambamo kila unapojifunza kitu kipya pesa za chuma zinadondoka kutoka hewani, na za shaba nyekundu ndizo zenye thamani kubwa. Mwalimu yeyote angetamani utaratibu huo.

Kuna anayetaka penzi la polepole na hadithi fupi isiyozidi vitabu viwili. Raybearer cha Jordan Ifueko, 2020, na Redemptor, 2021. Tarisai amezaliwa na agizo ndani ya damu: amtafute mwana wa mfalme aitwaye Ekundayo, na siku atakayompenda kuliko wote, amuue. Rudia sentensi hiyo. Kipimo changu hakijawahi kupata kitabu kinachokitosha namna hiyo, ingawa upendo wao ni wa urafiki, na mahaba yanatoka upande mwingine.

Kuna anayetaka barua. Divine Rivals cha Rebecca Ross, 2023: waandishi wawili wa gazeti wanaoshindana kazini, vita vya miungu, na taipureta zinazopitisha barua chini ya mlango wa kabati la nguo. Kina usiku mmoja wa wakubwa karibu na mwisho, mzazi akijue.

Na kuna anayekuja na jina la Sarah J. Maas kwa sababu simu yake haionyeshi kitu kingine. Throne of Glass, sawa, ila ujue unaingia safari ya riwaya saba zilizotoka kati ya 2012 na 2018, na mahaba yanakomaa kadiri mhusika anavyokua. A Court of Thorns and Roses, hapana. Kilipotoka 2015 kiliwekwa rafu ya vijana. Baadaye wachapishaji wenyewe wakakihamishia kwa watu wazima, na walikuwa na sababu. Hicho ndicho cha chini ya godoro.

Alichochukua

Nilimwambia asichague kwa maneno yangu. Asome ukurasa wa kwanza wa kila kimoja amesimama palepale kabatini. Hata asiye na kabati la mama mdogo anaweza kufanya hivyo, maduka ya vitabu vya simu huruhusu sura za mwanzo bila malipo.

Akaanza na fimbo za Mama Agba, akatabasamu, akakiweka kwapani. Akafungua cha Jude. Mtu mrefu akabisha hodi. Nikamwona anateleza taratibu ukutani hadi sakafuni, na hakuinuka hadi adhana ya magharibi. Hesabu zilisubiri siku tatu.

Cha Zélie aliondoka nacho Januari, kimefungwa kwenye kanga katikati ya daftari. Hakijarudi. Nasikia kiko kwa msichana wa nne, bweni la pili, na kuna foleni.